Hauswaifu wa Miti Mia Nne

Murugi alishuka mteremko wote na gunia mgongoni, mkanda umembana paji la uso, na alipofika mbele ya mizani ya faktori hakusalimia mtu. Pumzi ya salamu hakuwa nayo. Aliteremsha gunia. Ilikuwa kahawa nyekundu tupu, iliyochumwa umande haujakauka na kuchaguliwa moja moja, mbichi huku, mbovu kule. Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akasema, "Tatu, moja, saba."

Hiyo ndiyo ilikuwa namba yao. Katika faktori ile iliyo bondeni, chini ya Gakindu, mtu hakujulikana kwa uzuri wa kahawa yake wala kwa wema wake kanisani. Alijulikana kwa namba. Mwenye namba kahawa yake ilipokelewa, ikamenywa jioni ile ile, ikaoshwa, ikaanikwa. Asiye na namba alirudi nayo kwake, na kahawa iliyoiva haijui kungoja. Ikilala usiku mmoja ndani ya gunia inachacha, inanuka, na hakuna dawa.

Hezekiah, katibu wa faktori, hakuinua kichwa kutoka kwenye kitabu chake. Nyuma yake, kwenye kiti chake, aliketi mwenyekiti wa chama.

"Hiyo namba imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na kifo, mama. Namba ni ya Wahome. Wahome tulimzika mwezi wa tatu. Maiti hailetangi kahawa."

Nyuma kwenye foleni alikuwako Kabura, jirani yake, mwanamke ambaye Mungu hakumfundisha kunong'ona. Akasema, "Hata akiwa hai hakuletanga!" Foleni nzima ikaangua kicheko, maana ilikuwa kweli.

Murugi hakucheka. "Msimu mdogo mlipokea hapa hapa. Wewe mwenyewe ulipima."

"Wakati huo hakuna mtu alikuwa ameleta ombi. Sasa ameleta."

"Nani?"

"Shemeji yako Gatimu. Anataka namba ya ndugu yake. Yeye ni mwanaume wa hiyo boma sasa."

Murugi akasema ombi lake yeye liandikwe pia, sasa hivi, pale pale. Hezekiah akashusha pumzi kama mtu anayesumbuliwa na mtoto. Akamweleza kwamba sheria ya chama inasema mwanachama lazima awe mkulima, na kamati siku hizi haitaki maneno ya mdomo, inataka karatasi ya serikali. "Leta kitambulisho."

Hapo Murugi akaona mambo yamenyooka. Kitambulisho alikuwa nacho, amekifunga kwenye fundo la kitambaa kichwani, wala hakuwahi kukitoa mle ila Jumapili, kukiangalia. Kilikuwa cha mwaka mmoja tu, maana wanawake walikuwa wamekaa miaka yote ya uhuru bila kuandikwa popote, kama ng'ombe wa mtu. Kwenye mstari wa kazi palikuwa na neno la Kiingereza la herufi tisa. Herufi alizihesabu mwenyewe. Kusoma Kikuyu alijua kidogo, kwa Biblia, polepole, kidole kikitangulia jicho. Kiingereza hakujua. Lakini alijua kazi yake, na neno lililokaa mahali pa kazi, refu vile, lingekuwa nini kama si mkulima? Mwaka mzima alitembea na neno lile kichwani akijua linasema mkulima.

Hezekiah akakipokea kwa vidole viwili, akakisoma.

"Mama, hapa wewe si mkulima."

"Soma vizuri."

"Nasoma vizuri. Hapa imeandikwa hauswaifu. Mkulima kwa Kizungu iko na neno lake, na si hii."

"Hauswaifu ni nini?"

"Ni mke, mama. Mke wa nyumba. Mtu amewekwa na bwana yake, anapika, anafagia, anangoja jioni ifike." Akamrudishia. "Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo. Kamati itapitisha ombi la Gatimu. Hiyo gunia mwaga pale kwa maganda. Anayefuata!"

Murugi hakumwaga. Alichuchumaa, akavuta mkanda hadi kwenye paji la uso, akainuka na gunia lake, akapanda nalo mlima ule ule. Kila hatua neno lile lilimgonga kisogoni. Amewekwa. Anangoja jioni ifike.

*

Nani alimwandika hivyo? Alifika nyumbani anauliza, akaianika kahawa juani ikauke na maganda yake iwe buni, ile ya bei ya kutupwa, na mikono inafanya kazi, kichwa kinauliza.

Makarani walikuwa wamekuja kambi ya chifu na kamera na wino. Siku ile Murugi aliamka mapema. Utomvu wa kahawa ni mbaya, unaingia kwenye nyufa za vidole ukakaa humo mweusi, na alikuwa ameambiwa wataweka vidole kwenye karatasi ya serikali. Ataonyeshaje serikali vidole vichafu? Akasugua mikono kwa limau na majivu, akasugua kwa gunzi la mahindi, mpaka ngozi ikawasha. Akavaa nguo ya Pasaka na sweta la kuazima. Karani, kijana mwenye ndevu tatu, akamtazama mikono, akamtazama sweta, akauliza, "Bwana yako yuko wapi?"

"Nairobi. Analinda bohari."

Karani akaandika. Swali la kazi hakuuliza. Murugi alidhani kijana ni mwerevu, amejua bila kuambiwa.

Mjinga mimi, alijiambia sasa, akigeuza kahawa. Nilijiosha kazi yangu yote nikamwonyesha mikono ya mgeni.

Maana miti ile, nakuambia, alikuwa ameipanda yeye. Mia ya kwanza ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mzungu, mashamba yalipokusanywa kila mtu akapewa lake mahali pamoja. Afisa wa kilimo alikuja na fimbo iliyopimwa. Shimo futi mbili kwenda chini, futi mbili kila upande, na likipungua kwa kidole analifukia kwa kiatu, uchimbe upya. Wahome alikuwa Nairobi. Murugi alichimba na mwanawe Ngendo mgongoni, na alipomaliza la mia mtoto alikuwa ameanza kutembea. Mia tatu nyingine alizichimba baada ya uhuru. Alijua kila mti na tabia yake. Alijua ule wa kando ya mtaro unaozaa mwaka mmoja na kulala mwaka wa pili kama mvivu. Kupogoa alijua. Kunyunyizia dawa alijua, na bomba lile la shaba lilimwachia kovu begani. Wahome alikuja Krismasi, akatembea katikati ya mistari na viatu vya mjini, akasema, "Kahawa yangu imefanya vizuri." Akarudi Nairobi. Murugi hakumchukia kwa hilo. Alikuwa mtu mpole, na maneno ya marehemu yaachwe. Lakini kwamba kifo chake kimwondoe yeye shambani, hilo hakulielewa, na alipolielewa alikasirika zaidi.

*

Gatimu alikuja kesho yake asubuhi kutoka Kutus, alikokuwa na baa. Alikuja na kofia na tumbo lake na mkate mmoja wa dukani, kama anayekwenda kuona mgonjwa. Akaketi bila kukaribishwa.

"Shemeji, nasikia umeenda kugombana na watu faktori."

"Umesikia haraka. Hezekiah anakunywa kwako, sivyo?"

"Hezekiah anakunywa mahali anataka. Sikiza, shemeji. Mimi si adui. Kitu itabadilika ni nini? Hakuna. Wewe utachuma kama kawaida, utapalilia kama kawaida. Mimi nitashika namba tu. Ndiyo kawaida ya kwetu, ndugu akienda, ndugu anashikilia boma."

"Hiyo kawaida naijua kukushinda. Ndugu anayeshikilia anawashikilia watoto wa marehemu wasilale njaa. Umeleta nini kwa watoto wa Wahome tangu mwezi wa tatu? Huu mkate?"

Gatimu akacheka. Alikuwa na kicheko cha mtu anayejua karatasi ziko upande wake. "Wewe ni mama mkali. Lakini hata serikali yenyewe imesema wewe ni hauswaifu. Sasa mimi nibishane na serikali?"

"Gatimu, mti wa kahawa unakatwa wapi ukitaka uchipue upya?"

"Ati nini?"

"Nimekuuliza. Mwenye namba ajue. Unakatwa wapi?"

Gatimu akautazama mkate. Akasema hakuja kufanya mtihani.

"Basi chukua mkate wako," Murugi akasema. "Hapa hauswaifu amepika viazi."

Akatoka akamwacha ameketi peke yake. Lakini alipofika kwenye mistari ya kahawa alisimama. Miti ilikuwa imeiva mpaka matawi yameinama. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, mpaka chini mtoni. Wiki mbili na yote ingekuwa buni, au ingekuwa ya Gatimu.

*

Jumatatu alikwenda Nyeri neno lile lifutwe. Ofisini alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa saba. Karani wa dirishani akamwambia, bila ubaya, kama mtu anayesoma tangazo, kwamba aende kwa chifu apate barua, ajaze fomu, alete picha mbili, kisha angoje miezi sita.

"Kahawa haingoji miezi sita."

"Kitambulisho inangoja, mama."

Alitoka nje ana hasira na njaa. Kando ya ukuta palikuwa na mwanamke wa mtaa wa Majengo, amejitanda kanga, na birika mbili kubwa za chai na beseni la maandazi lililofunikwa. Aliitwa Rukaya. Watu wote wa ofisi ile, makarani, maaskari, wenye kungoja, walikula kwake. Murugi akaomba chai, akaimeza kama dawa, na Rukaya akamtazama.

"Mamangu, hiyo chai imekukosea nini?"

Murugi akamweleza. Hakukusudia kumweleza mtu, lakini yalitoka yenyewe, namba, gunia, Gatimu, herufi tisa. Alitazamia kuonewa huruma, na alikuwa tayari kuikataa. Rukaya hakumwonea huruma. Alifuta mkono, akaingiza kifuani, akatoa kitambulisho chake.

"Soma hapa."

"Kiingereza sijui."

"Huna haja. Hesabu."

Murugi akahesabu. Tisa. Zilikuwa herufi zile zile, kwa mpangilio ule ule.

"Nina miaka kumi na minne mimi ukutani hapa," Rukaya akasema. "Alfajiri nakanda unga, saa kumi na mbili nishawasha moto. Yule aliyeniandika alikuwa ananyanyua andazi langu kwa mkono huu, na kwa mkono huu anaandika hauswaifu. Nikamwuliza, baba, unalokula limejipika? Akasema, mama, usinicheleweshe."

"Na bwana yako?"

"Dawud? Ah, yeye ni mfanyabiashara! Kimeandikwa kabisa, kwa Kiingereza, mimi nimesoma mpaka la nne, nakijua." Akacheka mpaka akashika ubavu. "Biashara gani, mamangu? Hajauza hata kiberiti. Tangu duka la babake life yeye kazi yake ni kukaa barazani na wenziwe kubishana habari za redio. Lakini aliulizwa, unajua. Mwanamume huulizwa, unafanya nini? Naye akijibu lolote linaandikwa, hata la uongo, hata la zamani. Mwanamke huulizwa, uko na nani? Ukisema una mume, kalamu imemaliza."

Murugi aliacha kunywa.

"Hata la zamani?"

"La siku alipokichukua. Nani arudi kubadilisha? Ukivikusanya vitambulisho vya wanaume wa mji huu, utapata maiti za kazi zimelala humo."

Murugi akabaki na kikombe mkononi. Akawafikiria wanaume wa kwao Gakindu, mmoja mmoja, kama anavyofikiria miti. Kisha akanunua maandazi manne, jambo ambalo hakulifanya tangu mazishi, na akarudi Gakindu kwa miguu ya mtu anayewahi.

*

Mkutano ulifanyika uwanja wa faktori, kando ya vitanda vya kukaushia. Wanachama, wanaume, waliketi kwenye nyasi. Wanawake walisimama nje ya waya, maana hawakuwa na namba, ingawa hakuna mmoja asiyejua mizani ile kuliko mumewe. Mwenyekiti alikuwa mzee Theuri, mtu mrefu, mkavu, mwenye kuheshimiwa hata na mbwa. Hezekiah aliposoma ombi la Gatimu, na kabla mikono haijainuliwa, Murugi akapita chini ya waya. Sketi ilishikwa na mwiba wa waya. Akaivuta, ikapasuka, akaja hivyo hivyo.

"Mke wa Wahome, huu ni mkutano wa wanachama," Theuri akasema.

"Najua, mzee. Nina swali moja tu. Nikijibiwa nitarudi nyuma ya waya."

Theuri akatazama huku na huku. Kumkatalia mjane swali moja kungeonekana vibaya. "Uliza."

"Katibu asome ile sheria."

Hezekiah akaisoma, akaifasiri: mwanachama awe mkulima.

"Na mkulima anajulikana na nini?"

"Nilikwambia. Na kitambulisho ya serikali."

"Wote? Au mimi peke yangu?"

Hezekiah akasita. Akatazama Theuri, akatazama Gatimu. "Sheria ni ya wote," akasema, kwa sababu ilikuwa lazima aseme hivyo.

"Basi kila mmoja atoe chake, kisomwe. Atakayekuwa si mkulima, namba yake ifungwe kama yangu. Na tuanze na mwenye ombi."

Kelele zilizotokea hapo! Ati huyu mama ametumwa na nani. Ati akashughulikie jiko. Lakini nje ya waya Kabura alipiga kigelegele kimoja, kikali, na wanawake wakaanza kusema, "Visomwe! Visomwe!" na mwanamume anayekataa kutoa kitambulisho mbele ya mkewe atasema ana nini cha kuficha? Muriithi alikuwa wa kwanza kuinuka, kwa sababu alikuwa mtu wa mzaha. Akampa Hezekiah chake.

"Fundi cherehani," Hezekiah akasoma.

"Cherehani niliuza mwaka wa sitini na nane," Muriithi akasema, na watu wakacheka.

Cha Kihara, ambaye upara wake ulimetameta juani, kikasomwa: mwanafunzi. Hapo hata wazee walishika mbavu. "Soma kwa bidii, kijana!" mtu akapiga kelele. Mwingine dereva. Mwingine askari jela. Mwingine fundi bomba, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona na bomba. Katika kumi na tano wa kwanza mkulima hakupatikana.

"Gatimu," Murugi akasema. Yeye alikuwa hajacheka hata mara moja.

Gatimu akasema amesahau chake Kutus. Muriithi, aliyekuwa amekaa nyuma yake, akagusa mfuko wa shati la Gatimu. "Na hii hapa ni nini, rafiki yangu? Leseni ya baa?" Kikatolewa. Hezekiah alikisoma kimoyomoyo kwanza, na shingo yake ikabadilika rangi.

"Soma kwa sauti, katibu."

"Tanboi," Hezekiah akasema.

Hapo uwanja ulipasuka. Gatimu tajiri, Gatimu wa kofia, alikuwa amechukua kitambulisho zamani zile akiwa utingo, akining'inia nyuma ya lori la mchanga. "Tanboi! Pandisha mzigo!" wanawake waliimba kutoka kwenye waya. Gatimu alisimama, akaketi, akasimama tena.

Hapo ndipo sauti moja, haikujulikana ya nani, ikasema, "Na cha mwenyekiti?"

Kicheko kikafa kidogo kidogo. Theuri hakusogea. Murugi mwenyewe hakuwa amefikiria hilo. Alimheshimu mzee yule. Lakini hakusema achwe. Wazo la kusema aachwe lilimjia, akalitazama, akaliacha lipite.

Theuri akaingiza mkono ndani ya koti. Hezekiah akanyoosha mkono apokee, mzee asimpe.

"Nitakisoma mimi," akasema. "Neno hili nalijua." Alikishika mbali na macho. "Hausiboi. Kwa Mzungu, Naro Moru. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanne. Nilimwambia Mzungu yangu aandike mpishi. Akasema, wewe ni boi wa nyumba, nitaandika boi wa nyumba." Akakirudisha kotini. "Mmefurahi?"

Hakuna aliyecheka.

"Hiyo sheria ya kitambulisho inafutwa," Theuri akasema. Hakusema kwa upole. Alisema kama anayetupa kitu kinachomchoma. "Mkulima ni yule shamba inamjua. Nani hapa anasema shamba ya Wahome haimjui huyu mama? Ainuke."

Hakuinuka mtu. Gatimu alifungua mdomo, na kutoka kwenye waya sauti ya Kabura ikasema, "Tanboi, teremka!" Akaufunga.

Hezekiah akachukua kalamu. "Tatu, moja, saba. Naandika, mke wa marehemu Wahome."

"Hapana," Murugi akasema.

"Hapana nini tena?"

"Mke wa Wahome ni hauswaifu. Wewe ulinifundisha. Huyo hukumpokelea kahawa. Andika Murugi."

"Mama, usiharibu, umeshapata," Muriithi akamnong'oneza. Na kweli Murugi alijua wanaume wale walionyamaza wanaweza kubadilika. Lakini hakurudi nyuma. Hezekiah alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti, bila kumtazama mtu yeyote, akasema, "Andika jina lake, tumalize." Ikaandikwa. Hezekiah akasukuma kidau cha wino aweke kidole. Murugi akachukua kalamu. Aliandika herufi sita, polepole mno, ulimi kwenye pembe ya mdomo, wanaume mia mbili wakimngoja juani, na aliwangojesha.

*

Theuri alimkuta njiani, kwenye kona ya juu ambako watu hupumzika. Alikuwa peke yake na bakora yake. Alingoja mpaka wanawake wengine wakapita.

"Murugi. Umenivua nguo mbele ya watoto."

"Mzee, mimi nilivuliwa mbele ya mizani. Wewe ulikuwa pale, umekaa kwa kiti chako. Hukunifunika."

Theuri akachora chini kwa bakora. "Yule memsabu, mke wa Mzungu yangu, aliniita boi mpaka siku alipopanda ndege. Nikamfungashia masanduku. Nywele yangu ilikuwa imeingia mvi."

Murugi alijua kwamba hapo palikuwa mahali pa neno la upole. Alilitafuta. Hakulipata, au alilipata akaona halina haki ya kutoka.

"Basi wewe ulijua," akasema. "Hezekiah ni mtoto, Gatimu ni mlafi, karani ni karani. Lakini wewe ulijua neno la namna hiyo linamfanya mtu nini. Ulijua kutushinda wote hapa. Na ungeinua mkono Gatimu apewe."

Mzee akaacha kuchora.

"Ndiyo," akasema mwishowe. "Ningeinua."

"Haya."

Hakumpa mkono, na yeye hakuuomba. Murugi akajifunga kitambaa upya, akamzunguka pale aliposimama, akashika njia ya shambani kwake. Jua lilikuwa bado lipo, na mistari mitatu ya chini ingechumika kabla ya giza.